Unataka kuokoa mbwa? Anza na nyumba watakazokwenda

Maswali ni yale yale. Nimeokota watoto wanne wa mbwa mtaroni, niwapeleke wapi? Jirani anahama na mbwa anamwacha, nimchukue? Nataka kufungua kituo, nahitaji eneo la ukubwa gani? Nimechoka kuyajibu moja moja kwa simu, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Kichwani nina Dar es Salaam, lakini wa Mombasa, Arusha au Kisumu atajua mwenyewe pa kubadilisha jina la ofisi.

Anayeanza huwaza banda: mabati mangapi, wavu wa aina gani. Banda ndilo jepesi kuliko yote. Kazi ngumu ni kumtoa mbwa kwako akiwa mzima, kachanjwa, kafungwa kizazi, aende kwa mtu ambaye baada ya miezi sita hatamfungulia geti usiku na asubuhi kukuambia amepotea. Mwenye nafasi ya mbwa watano, nao wanapata nyumba na wengine wanaingia, ataokoa wengi kwa mwaka. Mwenye mbwa arobaini wasiokwenda popote hawezi kumpokea hata mmoja, na wito wa mtendaji wa mtaa uko njiani. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote humu ni ile ya kutafuta nyumba.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daktari wa mifugo anayetibu mbwa kweli. Wengi wamezoea ng'ombe na kuku. Muulize kama anafunga kizazi mwenyewe, na mbwa analazwa kwa dawa gani ya usingizi. Akijibu kwa kubabaisha, tafuta mwingine.
- Ridhaa ya watu wa nyumbani, na ya mwenye nyumba kama umepanga. Ya mdomo haitoshi.
- Sehemu mbili zisizogusana: moja ya mbwa wageni, nyingine ya waliokwisha kukaguliwa. Hata choo cha nje kisichotumika au stoo inafaa kuwa ya wageni, mradi sakafu iwe ya saruji.
- Kola, kamba, kizimba cha kusafirishia, taulo nene, bendeji pana, glavu.
- Sabuni, jiki, ndoo na mifagio miwili, kila sehemu na wake.
- Daftari. Kila mbwa ukurasa wake: alikotoka, tarehe, uzito, dawa, aliyemchukua.
- Fedha ya chakula na matibabu ya miezi mitatu, hata kama hakuna atakayekuchangia shilingi.
- Chanjo yako mwenyewe ya kichaa cha mbwa. Ipo ya kinga kabla ya kung'atwa; ulizia hospitali kabla hujagusa mbwa wa kwanza.

Usajili usikutie homa. Ukiwa na mbwa wawili watatu nyumbani, anza kwa kumjulisha mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata. Ukitaka kuomba michango kwa umma ndipo uende kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri uulize taratibu za kikundi au shirika lisilo la kiserikali. Ila jua hili mapema: kwa Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamgusa kila anayefuga, na wewe umo. Mbwa akikaa kwako na njaa au kidonda kisichotibiwa, kusema ulikuwa unamwokoa hakutakusaidia.

Hatua kwa hatua

1. Panga idadi na uibandike ukutani. Hesabu muda wako, si nafasi ya uwanja. Mbwa mmoja anahitaji kulishwa, kusafishiwa, kutembezwa na kuzoeshwa watu kila siku. Ukiwa peke yako na una kazi nyingine, watatu wanatosha kuanzia. Idadi ikijaa, jibu ni hapana, hata kama anayekupigia analia. Unaweza kumsaidia kumtangaza mbwa huku akiendelea kukaa naye, na mara nyingi hilo ndilo jawabu zuri zaidi, maana mbwa hahami mara mbili.

2. Mkamate bila kumtisha. Mbwa wa mtaani aliyezoea kupigwa mawe hakamatwi siku ya kwanza. Mpelekee chakula mahali pale pale, saa ile ile, siku kadhaa. Kaa ubavu, usimkazie macho, usimbane kwenye kona. Akikusogelea ndipo umpitishe kamba yenye kitanzi. Akiwa na maumivu mfunge mdomo kwa bendeji kabla ya kumbeba. Hata mbwa mpole atang'ata ukimgusa mguu uliovunjika.

Usafiri ni bajaji au gari, na mbwa ndani ya kizimba. Kumfunga kwenye kiroba na kumpandisha bodaboda ni njia ya kumuua kwa joto, au kumpoteza katikati ya Morogoro Road.

Onyo kubwa liko hapa. Mbwa anayetoa udende, taya limelegea, sauti imekauka, anang'ata mawe na miti, anayumba, au mkali aliyekuwa mpole ghafla, usimguse kabisa. Ondoa watoto, mpigie afisa mifugo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze sindano. Hakuna kupaka pilipili, mafuta ya taa wala jiwe la nyoka. Na ukianza sindano zimalize, hata kidonda kikipona.

3. Mtenge siku 14. Hapa wengi hushindwa, kwa sababu mbwa anaonekana mzima na wenzake wanamwita. Pavo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua sana watoto wa mbwa, hukaa mwilini siku kadhaa, hadi wiki mbili, kabla ya kujionyesha. Mlishe wa mwisho, msafishie wa mwisho, kisha nawa na ubadili viatu. Pavo ikiingia kwenye uwanja wa udongo inaweza kukaa humo miezi mingi, hata mwaka, na kila mtoto wa mbwa utakayemweka hapo yuko hatarini. Ndiyo maana nikasisitiza saruji. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni hadi uchafu utoke, ndipo upitishe jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu ishirini, uiache dakika kumi. Jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi.

4. Mpeleke kwa daktari. Ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Mambo ya kuuliza:

Minyoo: watoto hupewa dawa kuanzia wiki ya pili ya umri, kila wiki mbili hadi wafikishe miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Dozi ni kwa uzito, kwa hiyo wapime. Mzani wa jikoni unatosha kwa wadogo.

Chanjo: ya mchanganyiko, yenye pavo na distempa ndani yake, huanza wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila wiki tatu hadi nne mpaka wiki ya 16. Sindano moja haimkingi mtoto wa mbwa, na wauzaji wengi wa mbwa hudanganya hapo hapo. Ya kichaa huchomwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bure. Iandike kwenye kalenda.

Kupe na viroboto: kupe wa kwetu huleta magonjwa ya damu, mbwa akazidi kupauka ufizi, kukonda na kuwa na homa. Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia. Dawa ikizidi inamlegeza na inaweza kumuua, hasa mtoto.

Sehemu za siri: uvimbe unaofanana na koliflawa na unaovuja damu ni jambo la kawaida kwa mbwa wa mtaani. Ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Wengi wakiuona hudhani jike yuko kwenye joto, yaani msimu wa kutaka dume, wengine husema auawe tu. Wala. Hutibiwa kwa sindano za kila wiki na wengi hupona kabisa.

Dawa za binadamu weka mbali. Diklofenaki na ibuprofeni ambazo kila nyumba inazo zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

5. Mlishe kwa akili. Aliyekonda sana usimjazie sinia siku ya kwanza, kwani mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaweza kuzidiwa na chakula cha ghafla. Kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, ukiongeza taratibu. Chakula cha kila siku kinachowezekana kwa fedha ya kawaida ni ugali au wali uliochanganywa na dagaa, vichwa na miguu ya kuku iliyosagwa, au utumbo na mapafu yaliyochemshwa vizuri. Usimpe mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni. Mnaweza kuambukizana minyoo tegu inayotengeneza mafindo ndani ya mwili wa mtu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Vitunguu, zabibu na chokoleti, hapana. Na lile gunia la mahindi yaliyoota ukungu ambalo jirani anakupa kwa wema, likatae kwa adabu: sumukuvu huharibu ini la mbwa, na unaweza kupoteza banda zima kwa mkupuo.

6. Mfunge kizazi kabla hajaondoka. Jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba kama siku 63, na uzao mmoja unaweza kuwa wa watoto sita, wanane. Ukimtoa bila kufungwa, umejipangia kazi ya mwakani. Umri wa miezi sita unafaa kwa wengi, daktari ataamua. Dume akihasiwa asikae na jike aliye kwenye joto kwa wiki kadhaa zinazofuata, mbegu bado zipo.

Utaambiwa na mwombaji, "Nipe tu, nitampeleka mwenyewe akikua." Wachache hufanya. Kama mbwa ni mdogo mno kwa upasuaji, mlipie daktari mapema kwa fedha ya anayemchukua, tarehe iwekwe, na wewe ndiye utakayepiga simu kukumbusha.

7. Mjue kabla ya kumnadi. Anakaaje na watoto? Na kuku? Na paka? Akiachwa peke yake analia? Ukimshika sahani anafanyaje? Pima polepole, kamba mkononi. Mbwa aliyeingia juzi hajakuonyesha tabia yake. Siku za kwanza woga humfanya aonekane mpole. Mpe wiki mbili tatu.

8. Mtangaze kwa ukweli. Picha tatu: uso, mwili mzima kwa ubavu, na moja akiwa na mtu. Mbwa mweusi mpige asubuhi, kwenye kivuli chenye mwanga, la sivyo atatoka kama doa. Mvalishe kola ya rangi. Chini andika umri, jinsia, chanjo, kafungwa kizazi au la, na kasoro zake. "Anachimba bustani" ni sentensi itakayowaondoa kumi wasiofaa na kumleta mmoja mwenye uwanja wa mchanga. Usimwite mbwa koko kwa jina la kizungu ili apendeze. Mbwa wa kienyeji ana sifa zake: hachagui chakula, anastahimili joto, anabweka kwa sababu. Mtangaze kwa hizo.

Usiweke mahali unapoishi. Utakuta maboksi ya watoto wa mbwa getini.

9. Mchuje anayemtaka. Hapa usiwe na haraka wala haya. Piga simu, kisha nenda nyumbani kwake.

Swali langu la kwanza huwa, "Mbwa wenu wa mwisho aliishaje?" Mtu atakayesema alikufa kwa uzee au kwa ugonjwa, akakumbuka na jina la daktari, mara nyingi ni nyumba nzuri. Atakayesema "alipotea", na wa kabla yake pia "alipotea", ana geti bovu au moyo mgumu, na vyote viwili havimfai mbwa wako.

La pili: ni nani hasa atakayemlisha? Baba mwenye nyumba anaweza kuwa mpenda mbwa wa kupigiwa mfano, lakini anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Anayebaki ni dada wa kazi au mlinzi. Zungumza naye, umwone akimgusa mbwa. Akimwogopa, mbwa atashindia kwenye mnyororo.

Ukifika nyumbani angalia uzio chini, si juu. Mbwa hutoka kwenye mtaro wa maji. Tazama kivuli cha saa nane mchana kiko wapi. Kama ni nyumba ya kupanga yenye familia kadhaa, salimia na hao wengine uwaulize.

Watu wengi wanataka mbwa wa ulinzi, na hakuna ubaya. Ubaya ni wazo kwamba mbwa hufanywa mkali kwa kufungiwa gizani na kunyimwa chakula. Mbwa wa namna hiyo humng'ata mtoto wa nyumba kabla ya mwizi. Anayeomba "mkali sana" mweleze hivyo. Akibisha, agana naye. Mwingine wa kuagana naye ni yule anayekubali kila kitu isipokuwa kufunga kizazi, hasa mbwa akiwa na sura ya Jamani Shefadi. Huyo anatafuta mtaji.

Kuhusu nyumba za Waislamu, ambazo kwa pwani ndizo nyingi: wageni wa kazi hii huziruka, na wanakosea. Kwa madhehebu ya Shafi inayofuatwa sana huku, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, mifugo au kuwinda kunaruhusiwa. Kwa hiyo usimpelekee mtu wa aina hiyo mtoto uliyemlea mapajani, anayeruka na kulamba kila mgeni. Mpelekee mkubwa aliyezoea kulala nje, mwenye chombo chake, na banda lisiwe kwenye njia ya kwenda kuchukua udhu au barazani panaposwaliwa. Maswali ya dini yakiibuka, waache wamuulize shehe wao. Wewe jibu ya mbwa.

10. Kabidhi kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: majina, simu, picha ya kitambulisho, kadi ya chanjo, na masharti manne. Haruhusiwi kuuzwa wala kugawiwa mwingine. Atachanjwa kila mwaka. Utaruhusiwa kumtembelea. Akishindikana kwa sababu yoyote anarudi kwako, si mtaani. Toza mchango, hata mdogo. Kinachopatikana bure huchukuliwa kwa pupa. Usimkabidhi mtu mbwa kama zawadi ya kumshtukiza mwenzake.

11. Fuatilia. Simu siku ya tatu, wiki ya tatu, mwezi wa tatu. Siku za mwanzo mbwa hali vizuri na hujificha. Mwambie mwenyeji asimwitie wageni, asimwogeshe, asimfungulie nje bila kamba hata kama geti limefungwa.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto wa mbwa anatapika na kuharisha damu yenye harufu kali.* Chukulia ni pavo mpaka ithibitike vingine. Kila saa ina maana. Anahitaji maji ya dripu, na maziwa au uji hautamsaidia. Waliokuwa naye wote watengwe.

*Ametoroka nyumba mpya.* Wengi hujificha karibu siku ya kwanza. Usimkimbize kundi zima. Weka alipotokea nguo aliyolalia na chakula chenye harufu, tafuta alfajiri na usiku panapotulia, na ubandike picha kwa mangi, kwa fundi, kijiweni kwa bodaboda. Watu wa bodaboda huona kila kitu.

*Amemng'ata mtu.* Aliyeumwa aoshwe na apelekwe hospitali kwanza, ugomvi baadaye. Mbwa afungiwe na kuangaliwa siku kumi chini ya macho ya mtaalamu wa mifugo, asiuawe wala kupelekwa mbali. Akibaki mzima muda huo, ni taarifa muhimu kwa daktari wa majeruhi.

*Amerudishwa.* Mpokee bila kumgombeza aliyemrudisha. Ukimtukana, mwingine atakayesikia atamtupa wake dampo. Uliza sababu, iandike, rekebisha tangazo.

*Hakuna anayempigia simu.* Badilisha picha kabla ya kumlaumu mbwa. Kisha mpeleke kwa mlezi wa muda mwenye marafiki wengi. Mbwa anayeonekana sebuleni kwa watu hupata mtu haraka kuliko aliye nyuma ya wavu.

*Mgeni anataka kuondoka naye nchini.* Aanze mapema sana. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, mbwa wa Tanzania au Kenya huwekwa chipu, huchanjwa, damu hupimwa angalau siku 30 baada ya chanjo, na bado kuna miezi mitatu ya kusubiri tangu damu ichukuliwe. Anayekwambia tiketi ni wiki ijayo atakuachia mbwa.

*Majirani wanalalamika.* Mara nyingi ni kinyesi na kelele za alfajiri. Zoa mara mbili kwa siku, fukia mbali na kisima, walishe kabla ya saa ambayo huanza kubweka. Wachanjie na mbwa wao siku unapomleta daktari.

*Halmashauri imetangaza kuua mbwa wazururao.* Ndani wote, kola shingoni, kadi za chanjo mahali unapozifikia. Nenda ofisini kwa afisa mifugo na daftari lako, umwonyeshe waliochanjwa na nyumba walizokwenda, na uombe siku ya kuchanja katika mtaa wako kabla ya zoezi.

*Hakuna tumaini.* Uti wa mgongo uliokatika, distempa iliyopanda kichwani na degedege lisilokoma: mwombe daktari amlaze milele kwa sindano, palepale, ukiwepo. Si kwa sumu, na si kwa mtu wa mtaani mwenye rungu.

*Fedha zimeisha.* Funga mapokezi siku hiyo hiyo na uwaambie watu. Waliopo watangaze kwa nguvu, omba walezi wa muda, mlipe daktari kwa awamu. Usimpokee mwingine mpaka deni la daktari liishe.